MSIUZE SHAMBA KWA SABABU YA NENO "BURE"

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Najua wengi wenu mnafungua kurasa hizi mkitafuta vichekesho na chemshabongo. Leo nivumilieni kidogo. Nina jambo ambalo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki tangu likizo ya Aprili, na nisipolitoa hapa sijui nitalitolea wapi.

Kaka yangu alimaliza kidato cha nne na akapata B. Si mbaya, au sivyo? Nyumbani tulichinja jogoo. Basi siku moja ya Jumapili akaja mjomba wetu kutoka mjini pamoja na bwana mmoja aliyevaa tai na kubeba mkoba. Bwana huyo ni wakala wa kupeleka watoto ng'ambo. Alikunywa chai vikombe vitatu (mimi ndiye niliyekuwa nikimimina, nilihesabu) kisha akatoa hotuba. Ati Ujerumani kusoma chuo kikuu ni bure. Ati serikali ya kule ndiyo inayolipa kila kitu. Kinachotakiwa kwetu ni shilingi elfu mia mbili na hamsini tu, za "kushughulikia makaratasi". Baba alinyamaza. Mjomba akakohoa, akasema ile nusu ekari ya chini, karibu na mto, penye nduma na migomba, ina mnunuzi tayari.

Nyanya, ambaye ndiye mwenye kuilima hiyo nusu ekari, aliuliza swali moja tu: "Na hicho cha bure, nani amekilipia?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilifungua mdomo nikasema pengine tungeuliza kwanza watu wanaojua, na mjomba akanikumbusha kwamba watoto hawasemi wazee wanaposema. Lakini Baba, Mungu ambariki, akasema, "Haya, wewe unayejifanya msomi, nenda ukatafute. Jumapili tatu kutoka leo utuletee majibu." Ndipo nikamwendea mwalimu mlezi wa chama chetu, na nikaanza kuchimbua. Haya ninayoandika ndiyo niliyoyapata, pamoja na maoni yangu ambayo sikuombwa.

Nitaanza na ukweli wa yule wakala, maana hakusema uongo mtupu. Ni kweli vyuo vikuu vya umma vya Ujerumani kwa jumla havitozi karo. Majimbo kadhaa yalikuwa yamejaribu kutoza karo miaka ya 2000 na kuendelea, wanafunzi wakaandamana, na jimbo la mwisho likaiacha mwaka 2014. Lakini tayari hapo kuna "lakini". Jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 linawatoza wageni wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula. Na hata pasipo na karo, mwanafunzi hulipa mchango wa muhula. Katika Chuo Kikuu cha Hamburg, kwa mfano, ni zaidi ya euro 300. Hiyo si mbaya sana, kwa sababu humo ndani mna tikiti ya kupanda treni na basi.

Tatizo kubwa liko penye viza. Balozi hatakupa viza kwa sababu umepata B na una adabu. Anataka kuona pesa. Pesa hizo huwekwa katika akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo mwenyewe huwezi kuikomba yote kwa mara moja. Unapewa kidogo kidogo kila mwezi. Septemba 2024 kiwango kilipandishwa hadi euro 11,904 kwa mwaka, yaani euro 992 kwa mwezi. Nilikaa na kalamu nikabadilisha kwa shilingi. Ni zaidi ya milioni moja na nusu! Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimeongeza sufuri. Kumbe zile elfu mia mbili na hamsini za wakala hazigusi hata hapo. Hizo ni zake yeye. Tungeuza nusu ekari, tungelipa makaratasi, halafu kaka angefika kwenye dirisha la ubalozi akiwa na makaratasi mazuri na mfuko mtupu.

Bado. Kuna bima ya afya, ambayo ni lazima na ni zaidi ya euro 100 kwa mwezi. Kuna chumba, na katika miji mikubwa kama Hamburg na Munich kupata chumba cha bei nafuu ni kazi ya kutafuta sindano kwenye nyasi kavu. Mtu ataniambia, "Si atafanya kazi?" Ndiyo, sheria inamruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Lakini atafanya kazi saa ngapi na kusoma Kijerumani saa ngapi?

Maana hilo nalo wakala alilimeza pamoja na chai. Shahada ya kwanza katika vyuo hivyo hufundishwa zaidi kwa Kijerumani. Si kile cha "Guten Tag" peke yake, ni cha kusikiliza mhadhara wa saa moja na nusu na kuandika insha ya kurasa kumi na tano. Isitoshe, mwenye KCSE peke yake kwa kawaida haingii moja kwa moja. Hupitia kwanza chuo cha matayarisho kiitwacho Studienkolleg, kwa muda wa mwaka mmoja hivi, kisha hufanya mtihani. Ama aonyeshe kwamba ameshasoma chuo kikuu nyumbani. Sasa jumlisheni wenyewe: mwaka wa lugha, mwaka wa matayarisho, na miaka mitatu ya shahada. Milioni na nusu mara ngapi hizo?

Hapa ndipo rafiki yangu mmoja wa kidato chetu aliponiambia, "Wewe una wivu tu. Hutaki kaka yako apande ndege." Nilikasirika siku mbili. Halafu nikajiuliza kama ana haki. Labda kidogo. Lakini jambo la ajabu ni kwamba kadiri nilivyozidi kusoma habari za vyuo hivyo, ndivyo nilivyozidi kuvipenda, na sasa ni mimi ninayetaka kwenda.

Kwa nini? Kwa sababu ya jinsi wanavyosoma. Chuo kikuu cha Berlin kilipofunguliwa mwaka 1810, yule Wilhelm von Humboldt aliyekipangia mambo alishikilia kwamba kufundisha na kutafiti visitenganishwe. Mwalimu asiwe mtu wa kusoma daftari lake la zamani, awe anatafuta jambo jipya, na mwanafunzi awe anatafuta pamoja naye. Wazo hilo liliigwa hata Marekani. Kule mwanafunzi hujipangia mwenyewe ratiba yake. Hakuna kengele, hakuna mwalimu wa zamu, hakuna kiranja wa kuandika majina ya wapiga kelele. Kuna mhadhara, ambapo wanaweza kukaa watu mia tano wakisikiliza mmoja, na kuna semina, ambapo mwanafunzi husimama akaeleza mada yake na wenzake wakamhoji. Muhula ukiisha watu hawaendi kulala. Ndipo wanapoandika insha zao ndefu za utafiti. Ukifeli mtihani mmoja mara tatu, kwa kawaida umefukuzwa katika somo hilo, na huenda usilisome tena popote Ujerumani. Hakuna wa kukubembeleza.

Wana vituko pia. Mhadhara ukiisha hawapigi makofi, wanagonga meza kwa vifundo vya vidole. Ukiambiwa somo ni saa nne, mara nyingi litaanza saa nne na robo, na hiyo robo ina jina lake rasmi, robo ya chuo kikuu! (Na sisi tulioambiwa kwamba Wajerumani hawachelewi.) Alama yao ya juu kabisa ni 1, na 5 ni kuanguka. Mwalimu wetu wa hesabu angenipa alama zangu za muhula uliopita kwa mtindo huo ningeonekana mtu wa maana. Na anayesomea uzamifu humwita msimamizi wake "baba wa udaktari", na kama ni mwanamke "mama wa udaktari". Hapo nilifurahi, maana ni kama sisi tu, hatuwezi kufanya jambo bila kulipa undugu.

Lakini kilichonifungua macho hasa ni Hamburg. Chuo Kikuu cha Hamburg kina wanafunzi zaidi ya elfu arobaini. Hebu fikirini, shule yetu nzima ingemezwa humo kama punje ya mchele. Jengo lake kuu lina kuba, na juu ya ukuta wa mbele kumeandikwa maneno kwamba jengo hilo ni kwa ajili ya utafiti, ufundishaji na elimu. Na mojawapo ya masomo ambayo mtu anaweza kwenda kuyasomea hapo ni Kiswahili.

Ndiyo, Kiswahili! Hiki hiki. Katika shule ya msingi niliyosoma, aliyekamatwa akiongea Kiswahili siku isiyokuwa ya Kiswahili alivishwa diski shingoni, akatembea nayo mpaka ampate mwenzake wa kumpokeza, na jioni wote waliovaa wakachapwa. Mimi niliivaa mara nyingi hata ikawa kama mkufu wangu. Na wakati huohuo kuna Mjerumani ameamka asubuhi, amepanda treni, anakwenda kugonga meza baada ya mhadhara wa ngeli za Kiswahili. Nani kati yetu aliyerogwa?

Msikimbilie kushangilia lakini. Jambo hilo lina mizizi michungu. Kabla ya chuo kikuu kufunguliwa mwaka 1919, kulikuwa na Taasisi ya Ukoloni, iliyoanza mwaka 1908. Kiswahili kilifundishwa kwa wale waliokuwa wakija kututawala, yaani huko Tanganyika, iliyoitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Walijifunza "njoo", "nenda", "lipa kodi". Berlin walikuwa wametangulia, tangu 1887. Na huko Berlin, kuanzia 1900, alifundisha mtu mmoja kutoka karibu na Bagamoyo aliyeitwa Mtoro bin Mwinyi Bakari. Ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotoka mwaka 1903 chini ya jina la profesa Carl Velten. Mtoro alikuwa msomi, lakini hadhi yake ilikuwa ya msaidizi, na baadhi ya wanafunzi weupe hawakutaka kumheshimu mwalimu mweusi. Alioa mke Mjerumani mwaka 1904. Mwaka uliofuata alijaribu kurudi nyumbani pamoja naye, serikali ya kikoloni ikamkatalia kushuka pwani ya nchi yake mwenyewe. Akarudishwa Ujerumani, na huko ndiko alikofia, mwaka 1927. Nilipoisoma habari hiyo niliifunga kwanza nikaenda kuteka maji.

Na kuna habari ya sanamu. Mbele ya jengo hilo la Hamburg ilisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyewapiga watu wa pwani walipoinuka pamoja na Abushiri mwaka 1888, Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Sanamu hiyo iliwekwa kwanza Dar es Salaam mwaka 1909. Wissmann yuko juu, chini yake askari Mwafrika anamtazama kama anayemtazama mungu, na simba mfu. Wajerumani waliposhindwa vita iling'olewa, na mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg, mbele ya chuo kikuu. Ilikaa hapo miaka arobaini na kitu, wanafunzi wakipita na vitabu vyao. Halafu mwaka 1967 wanafunzi wenyewe, Wajerumani, waliifunga kamba wakaiangusha. Wakubwa wakairudisha. Mwaka 1968 wakaiangusha tena, na mara hii haikurudi, ikafungiwa stoo.

Hilo ndilo ninalolipenda katika chuo kikuu cha kweli. Si karo ya bure. Ni kwamba mwanafunzi anafundishwa kuuliza, na akishajua kuuliza anaweza kumgeukia hata aliyejenga ukuta wa shule yake akamuuliza. Waalimu msinielewe vibaya, hapa shuleni sina sanamu ninayoitafutia kamba.

Turudi kwa kaka yangu. Maoni yangu ni kwamba Mkenya aende Ujerumani, lakini asiende mikono mitupu, maana wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Asome kwanza shahada ya kwanza hapa nyumbani, ambapo alama ya B inamfungulia mlango na ambapo kuna mikopo ya serikali. Akishapata jambo lake la kutafiti, jambo analolijua yeye kuliko wao, ndipo aende kwa uzamili au uzamifu. Shirika la DAAD, ambalo limekuwa na ofisi Nairobi tangu 1973, hutoa ufadhili, na kwa Wakenya sehemu kubwa ni wa ngazi hizo za juu, si wa mtoto aliyevua sare ya shule juzi. Hapo ndipo neno "bure" linapokaribia kuwa kweli, na hakuna ndizi iliyouzwa.

Na mifano ipo. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa na serikali yetu kutoka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kuandika "Kenya: Twendapi?" Mashairi aliyoyatunga gerezani yakawa Sauti ya Dhiki. Baadaye akaenda kufundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig, tangu 1995 kwa miaka kama kumi na sita, na chuo hicho ni kikongwe, kilianzishwa mwaka 1409. Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar, ambaye Utengano wake kaka na dada zetu waliusoma kwa mtihani, alipata udaktari wake hukohuko Leipzig kisha akawa profesa Bayreuth. Hawa hawakwenda kuomba. Walikwenda na kitu mkononi, na Wajerumani wakakaa chini kuwasikiliza. Tofauti yao na Mtoro si akili, maana Mtoro alikuwa nayo tele. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na nchi huru nyuma yao, hata kama nchi hiyo ilimfunga mmoja wao.

Kuna watakaosema, kwa nini Mwafrika aende Ulaya kusomea lugha yake mwenyewe? Nimeulizwa hivyo katika mjadala wa chama chetu na nikashindwa kujibu vizuri, nikakaa chini huku wakinizomea. Jibu langu ni hili. Nakala za Utenzi wa Tambuka, ambao Bwana Mwengo aliutunga Pate mwaka 1728, zimehifadhiwa Hamburg na London. Zimehifadhiwa kwa usafi, sikatai, na labda kwetu mchwa wangezila. Lakini mtoto wa Pate anayetaka kuona zile hati za mkono za zamani lazima aombe viza. Basi asipokwenda yeye, atakayezisoma na kutuelezea maana yake ni nani? Mimi ningependa siku moja niwe mmoja wa watakaokwenda kuzisoma, nigonge meza, nirudi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Jumapili ya tatu ilipofika nilisimama mbele ya wazee nikiwa na daftari langu. Mikono ilitetemeka. Nilipofika kwenye euro 11,904 mjomba alisema nimeyatunga. Baba akampigia yule wakala simu palepale akamuuliza habari za hiyo akaunti iliyofungwa. Wakala akasema yuko kwenye matatu, hasikii vizuri. Alipopigiwa tena hakuchukua.

Shamba halikuuzwa. Nyanya alinipa nduma mbili kubwa, za moto. Kaka yangu hakunisemesha kwa wiki nne nzima; alikuwa akipita mlangoni kana kwamba mimi ni kiti. Sikumlaumu. Alikuwa ameshawaambia rafiki zake wote kwamba anaenda.

Juzi jioni nilimkuta barazani na kamusi ya zamani ya Kijerumani aliyoazima kwa kasisi. Barua ya chuo kikuu cha hapa imekuja, ataanza Septemba. Alikuwa ameandika katika daftari lake *der, die, das*, mistari na mistari. Hakuinua kichwa. Aliniuliza tu kwa nini Wajerumani wana ngeli tatu na bado wanazikosea watoto wao, ilhali sisi tunazo nyingi hivyo. Nikamwambia asogee, nikaketi.